Saa Iliyorudi Nyuma Kitandani

Katika zahanati moja ya mpakani, wilayani Ngara, saa ya simu ya kazi ya muuguzi ilirudi nyuma saa nzima mama mjamzito akiwa kitandani. Simu ilinasa mnara wa Burundi, ambako saa iko nyuma ya yetu. Kipimo cha pili alichotuma kwa simu hiyo, kilichosema presha imepanda na gari liletwe, programu yetu ikakihesabu kuwa cha zamani. Hospitalini walisoma cha kwanza: hali ya kawaida. Gari lilichelewa, na mama akafariki njiani.

Kazi ya kuandika programu za kompyuta niliianzia Biharamulo. Siku ya kwanza Mkuu wa Kitengo alinionyesha kwa kidole balbu ya ofisini. "Ukiona inafifia, hifadhi kazi kwanza. Kulaumu umeme baadaye." Ndivyo tulivyofundishana, kwa mdomo, wakati wa chai. Badilisha kitu kimoja, kijaribu, ndipo uguse kingine. Weka nakala kabla ya kufuta. Usiamini saa ya simu. Kila taarifa ipe namba ya mfuatano, ili ya mwisho ijulikane kwa namba yake.

Hilo la mwisho nilifika nalo Ngara nilipohamishwa kutunza programu hiyo ya vipimo, kabla ya msiba. Mratibu wa Mradi alicheka.

"Mzee, hayo ni maujanja ya kijiweni. Kwenye mpango kazi hayamo."

"Mpakani saa zinaruka."

"Basi wanunue za ukutani."

Baada ya msiba nilikwenda kule zahanatini. Muuguzi Domina aliniamkia, akanisimamisha dirishani, simu mkononi.

"Hapa niko Tanzania, mzee. Pale kitandani niko Burundi, na pasi sina." Hakutabasamu. "Mimi niliandika. Ndugu wa marehemu tukikutana gulioni wananiambia sikuandika."

Tuliweka namba ya mfuatano. Mratibu hakulizungumzia tena, na Domina hakuna aliyemsafisha jina.

Sasa nimestaafu, nalima maharage Bugarama. Programu yetu imeondolewa, imekuja mpya, ya vijana nisiowafahamu. Majuzi Domina alinipigia: kipimo cha pili cha mjamzito mwingine kilikaa tena chini ya cha kwanza. Safari hii alipiga simu hospitali, akabishana nao mpaka gari likaja.

Nilimtafuta mratibu mpya, nikamwandikia habari za saa na namba. Alijibu:

"Shikamoo mzee. Tutaliangalia kwenye toleo lijalo la programu."

Toleo hilo halijatoka, na kitanda bado kiko palepale.