Puli Ndogo ya Shemeji

Simu ilipoita, Mama Cheche alikuwa amelala chali chini ya toroli, anachomelea ekseli. Kwa kawaida simu ikiita saa za kazi huachwa ijiitie mpaka ichoke. Siku hiyo aliipokea, maana aliyepiga ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, na shemeji huyo hapigi simu bila jambo.

"Shemeji! Hebu sikia mashine yako inavyoimba!"

Akaielekeza simu kule mashine ilikokuwa. Mama Cheche akasikiliza, na hakupenda alichokisikia. Mashine ile ya kupura mpunga aliiunda mwenyewe, na ngurumo yake aliijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe: nzito, ya chini, ya polepole. Hii iliyotoka kwenye simu ilikuwa nyembamba na kali kama filimbi.

"Umeifanya nini?"

"Nimeipa kasi! Nimetoa ile puli kubwa ya kwenye ngoma, nimefunga ndogo. Mvua iko mlangoni, na mpunga wote uko nje. Sasa inakula miganda kama haijala tangu izaliwe!"

"Zima, shemeji. Zima sasa hivi."

"Eti nini? Kelele! Mama anakusalimu, yuko hapa juu jukwaani, analisha miganda mwenyewe!"

Simu ikakatika. Alipopiga tena, iliita tu. Akapiga mara nyingine, ikaita tu.

Jina la Mama Cheche alipewa na wateja, kwa cheche za moto zilizotoboa kila gauni alilowahi kuvaa. Alianza kwa kufagia karakana ya mageti na madirisha, akapanda cheo akawa wa kushikilia vyuma, na kuchomelea akajifunza kwa kutazama na kwa kuungua. Alipoolewa, mama mkwe alimpokea kwa maneno mazuri, ila hakuficha kwamba alitarajia mkwe mwenye kazi isiyonuka moshi. "Mwanangu kaoa fundi," aliwaambia majirani, kwa sauti ya mtu anayeeleza ugonjwa.

Kisha ukaja msimu wa mavuno. Mama Cheche na mama mkwe walishinda shambani wakipiga miganda ya mpunga kwenye gogo, na jioni mama mkwe alishindwa kuinua kikombe cha chai kwa maumivu ya mabega. Hakulalamika. Alikisogeza tu kikombe mbali, akasema hana kiu. Mama Cheche aliona, akarudi karakana na wazo kichwani.

Mashine za dukani, kwa bei zake, zilikuwa za kutazama kwenye kalenda tu. Kwa hiyo akaunda ya kwake: fremu ya vyuma vya engo vyenye pembe, kifuniko cha bati, ngoma ya chuma iliyopandwa meno ya nondo, na injini kuukuu ya dizeli iliyowahi kusukuma maji. Ya kwanza ilirusha mpunga mpaka juu ya paa la jirani. Ya pili ilivunjavunja punje, watu wakamuuliza kama anauza unga. Ya tatu ikakubali, na hiyo ndiyo aliyompelekea mama mkwe. Baada ya hapo wakulima wa vijishamba vya jirani wakaanza kuja kununua zao, mmoja mmoja, kisha kwa vikundi.

Meno ya ngoma ile aliyachomelea yahimili mwendo wa puli kubwa, lile gurudumu la mkanda lililoizungusha polepole, si zaidi. Kwa puli ndogo ngoma ingezunguka kama kichaa, na jino likichomoka katika mwendo huo ni risasi. Na anayelisha miganda anakaa uso kwa uso na meno.

Aliliacha toroli lilivyo, akarukia pikipiki ya karakana. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mashamba, meusi tii. Njiani aliendesha mkono mmoja, wa pili ukibonyeza simu, mpaka nusura aingie mfereji wa maji. Akaitupa simu kifuani mwa gauni na kushika usukani kwa mikono yote. Alipofika penye kona ya mwisho, lori la mchanga lilikuwa limenasa katikati ya barabara, watu wamelizunguka kila mmoja anatoa ushauri wake. Hakuwa na muda wa ushauri. Akailaza pikipiki pembeni, akatia mguu mashambani, viatu vizito vya kazi vikizama topeni.

Alianza kuisikia mashine kabla ya kuiona. Ule mlio wa filimbi ulikuwa umeongezewa kitu kingine ndani yake: tak, tak, tak. Huenda jino limelegea, aliwaza, akaongeza mbio.

Uwanja wa kupuria ulijaa watu. Wengine wanabeba miganda, wengine wanapepeta, wote wanakimbizana na mawingu. Shemeji alikuwa nyuma, anakusanya mabua, kicheko hadi masikioni. Na juu ya jukwaa la mbao alikaa mama mkwe, mtandio kichwani, anasukuma mganda baada ya mganda kwenye mdomo wa mashine.

"Mama! Shuka!" Mama Cheche alipiga kelele mpaka koo likawasha. "Mama, toka hapo!"

Mama mkwe alimwona. Akatabasamu, akampungia mkono, akachukua mganda mwingine.

Kishikio cha kuzimia injini kilikuwa upande wa pili, na shemeji alikuwa amekifunga kwa mpira ili kasi isipungue. Kuzunguka, kufungua, kuzima. Hapana. Mama Cheche alipanda jukwaani kwa hatua moja. Katika maisha yake ya ndoa hakuwahi hata kumkatiza mama mkwe maneno. Sasa alimkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, akamvuta kwa nguvu za kunyanyulia vyuma, wakaanguka wote wawili hadi chini, mama mkwe chini, fundi juu.

Watu waliachia walichoshika. Mtandio ulikuwa topeni. Shemeji alikuja mbio, macho yamemtoka.

"Umemwangusha mama! Umepatwa na nini?"

"Zima mashine!"

Safari hii alisikia. Akaung'oa mpira, injini ikakohoa, ikanyamaza. Ngoma ikaendelea kuzunguka yenyewe, tak, tak, tak, mpaka ikasimama. Hakuna kilichoruka. Hakuna kilichovunjika. Mama mkwe alikuwa amekaa chini, ameshika kiwiko, na watu wote walimtazama Mama Cheche kwa macho ya kusubiri maelezo.

Alikifungua kifuniko cha bati akaanza kugusa meno moja moja. Sasa aliogopa jambo lingine: kwamba yote yatakuwa mazima. Jino la safu ya kati likacheza mkononi mwake. Mshono wake wa kuchomelea ulikuwa umepasuka karibu wote, limebaki kushikiliwa na uzi mwembamba wa chuma. Akalisukuma kwa kidole gumba, likadondoka.

Shemeji aliliokota. Alilitazama, akaitazama nafasi aliyokuwa amekaa mama yake, akakaa chini.

"Niletee hapa," alisema mama mkwe. Akalipima jino kiganjani. "Hili lingenifikia?"

"Sijui, mama. Pengine lingetoka kwa nyuma. Pengine lingekufikia."

Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu. Kisha akawageukia watu. "Mnangoja nini? Mvua haisubiri sisi tumalize kushangaa. Leteni magogo."

Wakapiga miganda kwa mikono, wote, Mama Cheche akiwa katikati yao. Mvua ilipowakuta, rundo moja lilikuwa bado nje, likaloa na kuharibika. Hakuna aliyelitaja mbele ya Mama Cheche.

Wiki iliyofuata mama mkwe alikuja karakana, mara yake ya kwanza. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa bendeji. Alikaa kwenye kopo la rangi, akatazama mashine ikifungwa meno mapya na puli kubwa iliyorudishwa ikifunikwa kwa bati la kuchomelewa, ili mtu yeyote asiibadilishe. Baada ya muda akainuka, akauingiza mkono wake usio na bendeji kwenye mdomo wa mashine iliyozimwa. Vidole vikafika kwenye ngoma.

"Unaona? Nikisinzia kidogo tu, mkono umekwenda. Wewe ulipima kwa mkono wa nani?"

"Wangu, mama."

"Wako mfupi."

Mama Cheche alicheka, kisha akaacha kucheka. Akachukua chaki, akamwomba mama mkwe anyooshe mkono tena, akachora alama mbali zaidi na mdomo, kwenye meza ya kulishia miganda. Meza ya kulishia ya kila mashine aliyoiuza ikarudi karakana ikarefushwa, na wateja wengine waliileta kwa kunung'unika.

Shemeji bado anasema kwa kasi ile wangemaliza kabla ya mvua. Msimu huu mama mkwe amepanda tena jukwaani, anasukuma miganda, mashine inanguruma kwa sauti yake nzito. Mama Cheche ameletewa kigoda, ameambiwa apumzike, leo ni mgeni. Amekataa. Amesimama kando ya injini, mkono juu ya kishikio, na hajauondoa tangu asubuhi.