Moshi wa Siku Arobaini

Kila Jumapili, katika kanisa letu la mabati mjini Garissa, mchungaji aligonga mimbari na kutuambia kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani tu, na kwamba matendo yake hayana uzito hata wa unyoya. Sisi, familia za makarani na walimu kutoka bara, tuliitikia amina huku tukijipepea kwa vitabu vya nyimbo. Nililipenda fundisho hilo. Leo nikilisikia, meno yanakazana.

Katikati ya miaka ya tisini mama alijifungua mdogo wangu wa mwisho. Baba alikuwa kazini Elwak na mvua ilikuwa imekata barabara. Aliyeingia nyumbani ni jirani yetu wa mtaa wa Iftin, mwanamke wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia. Siku ya tatu alimkuta mama ameinamia karai la nguo.

"Abaayo, dada yangu, huna akili?" alifoka. "Nyinyi watu ya Kenya mnazaa kama mbuzi, halafu mnaendelea kula majani! Banda kitanda, lala. Siku arobaini!"

Mama alicheka hadi akashika tumbo. Kwa siku arobaini mwanamke yule alipika, akafua nepi, akamkanda mama mgongo, na kila alasiri akamfukiza ubani, yeye na mtoto, kama wanavyofanyiwa wazazi wote kwao.

Siku ya arobaini na moja ikaangukia Jumapili ya meza ya Bwana. Mama hakuwahi kuikosa meza hiyo tangu usichana wake; alfajiri yake hakula kitu. Mchungaji alitungoja mlangoni.

"Mama, nasikia umefukizwa. Hizo ni mila za wasiomjua Kristo. Utatubu mbele ya kanisa, la sivyo meza huigusi."

"Nitubu nini, Mchungaji? Kulishwa?"

"Wema wa yule mama haumwokoi mtu."

"Sikuulizi habari zake. Umetufundisha matendo hayaokoi. Imani yangu ni ileile. Moshi umeifutaje?"

Mchungaji alimtazama mtoto, hakumtazama mama. "Keti nyuma."

Mama aliketi nyuma, na hakutubu. Sahani ya mkate ilimpita bila kusimama. Iliponifikia niligeuka kumtazama mama, naye akaniashiria kwa kidevu: chukua. Nilichukua, nikatafuna, na ladha ile ya woga sijaisamehe. Wasomi wa dini huniambia kosa lilikuwa la mtu, si la fundisho. Na waseme. Mimi niliona neema ya bure ikiwekewa bawabu.

Jumapili iliyofuata jirani alichungulia uani, akamkuta mama amevaa kanga ya jikoni.

"Abaayo, leo huendi kanisa yako?"

"Mtoto ana mafua," mama akasema.

Mtoto alikuwa mzima kabisa. Ulikuwa uongo wa kwanza niliowahi kuusikia kinywani mwake, na aliutamka akitabasamu, ili mwanamke yule asijue kamwe.