Mbuzi Aliyekula Sukari ya Wageni

Enzi zetu, sisi tuliokulia Masakta, mbuzi hawakuwa na nyumba yao. Walilala na sisi. Upande mmoja wa ukuta wa miti na udongo tulilala watoto, blanketi moja kwa watu watatu, na upande wa pili walilala wao. Asubuhi ukifika shule, mwalimu wa zamu hakuhitaji kuuliza kwenu mnafuga nini; alinusa sweta tu. Binti yangu nikimsimulia haya huziba pua, kana kwamba harufu ile imesafiri miaka yote hiyo mpaka sebuleni kwetu hapa Katesh.

Sisi wala hatukuisikia. Tulikuwa na shughuli zetu. Tulikuwa na rede, mpira wa soksi kuukuu iliyojazwa matambara. Tulikuwa na kidumu cha maji cha kupeleka shule, na ufagio, na viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu ya moto ili tuvikute tukirudi. Mwezi wa saba ulikuja upepo kutoka mlimani ukatupasua midomo hadi mtu akaogopa kucheka. Na tulikuwa na baba ambaye akikohoa tu nje, ndani kila mtu anakaa vizuri.

Nilipokuwa darasa la nne, kaka yangu Danieli alioa. Mke wake aliitwa Yustina, msichana mwembamba kutoka Basotu, kule ziwani. Shangazi zangu walimpokea kwa vigelegele, kisha walipokaa wenyewe wakasema, "Huyu amekulia kwenye samaki. Mbuzi atawajulia wapi?" Yustina alisikia, akaendelea kuosha vyombo. Hakuwa mtu wa maneno. Mbele ya baba hasa, hakuwa na maneno kabisa. Mkwe wa siku zile alijua mipaka yake. Alileta chakula, akapiga goti, akasema "Shikamoo baba," akaitikiwa, akatoka. Tangu aolewe hadi mvua kubwa zilipoanza, sidhani kama baba alimsikia akisema lingine.

Mvua hizo ndizo zilizotuletea mapacha. Mbuzi wetu mweusi alizaa asubuhi, wakati tunajiandaa kwenda shule. Wa kwanza alisimama haraka, akatafuta titi, akalipata. Wa pili alibaki chini kama kitambaa kilicholowa. Alikuwa mdogo kuliko paka wetu. Mama yake alimnusa mara moja, akamsukuma kwa kwato, akamgeukia yule mzima. Baba aliinama akamtazama, akanyooka.

"Huyu hafiki kesho," alisema. "Msihangaike naye." Akachukua jembe lake akaenda shamba.

Baba hakuwa mkatili. Alikuwa mkulima mwenye watoto saba, na alishawaona wengi wa namna hiyo. Sisi tukakubali, kwa sababu neno la baba lilikuwa limekwisha kusemwa. Yustina ndiye aliyeingia, akafungua kitenge chake cha pili, akamkunja yule kiumbe ndani yake, akakaa naye karibu na mafiga.

Nilimwambia, "Wifi, mpe maziwa basi."

"Bado," alisema. "Weka kidole chako mdomoni mwake."

Nikaweka. Mdomo ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

"Akiwa na baridi namna hiyo ukimpa maziwa unamuua. Tumbo lake limelala. Kwanza apate joto."

Alimsugua kwa majani makavu, mgongoni, kifuani, kwenye miguu, taratibu, bila kuchoka. Siku ile nilichelewa shule nikachapwa, na sikujuta. Niliporudi mchana nilimkuta Yustina amembana yule mbuzi mweusi katikati ya magoti, anamkamua dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano. Akachovya kipande cha kitambaa safi, akakitia mdomoni mwa kitoto. Tone kwa tone. Nilihesabu mara ishirini na kitu kabla koo lile dogo halijacheza. Yustina akaachia tabasamu, na nadhani ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa msichana tu, labda amenizidi miaka minane.

Siku zilienda hivyo. Aliamka kabla ya kila mtu, akapalilia na wengine, akachota maji, akapika, na katikati ya kila kazi alipita jikoni kumnyonyesha kwa kitambaa, baadaye kwa chupa. Hakuomba asaidiwe na hakuna aliyeona kazi yake imelala. Shangazi mmoja alipopita akasema, "Yustina, umezaa mbuzi?" yeye akajibu, "Ndiyo shangazi, na ana macho mazuri." Shangazi akaendelea na safari yake. Wiki ya pili kitoto kilisimama. Kilianguka, kikasimama tena, miguu ikitetemeka kama ya mlevi anayetoka mnadani.

Kisha mimi nikaharibu. Ilikuwa Jumamosi. Yustina alikwenda mtoni, akaniachia kitoto uani apate jua.

"Wingu likija muingize ndani," aliniambia. "Usimwache."

Nikaitikia. Watoto wa jirani wakaja na rede, nikasema nitacheza raundi moja tu. Sisi tuliocheza rede tunajua hakuna raundi moja. Mvua ilipokuja ilikuja na mawe, tukakimbilia kwa jirani tukicheka, na nilikuwa nimeshakula hindi zima la kuchoma ndipo nilipokumbuka.

Nilimkuta pembeni ya ukuta, amelala kwenye tope. Yustina alirudi amelowa, akaniona nimempakata ninalia. Nilingoja kofi. Mama angenipiga, na ingekuwa haki. Yeye aliweka kidole mdomoni mwa kitoto, akafungua blauzi yake, akakiingiza kifuani, ngozi kwa ngozi.

"Chochea moto," alisema. "Kulia utalia baadaye."

Hakikufa, lakini jioni ileile kilianza kuharisha, kikaishiwa maji mpaka macho yakazama. Yustina akachemsha maji, akayapoza, akatia chumvi. Kisha akasimama akilitazama kopo dogo la sukari. Sukari nyumbani kwetu haikuwa ya watoto. Ilikaa juu ya kabati la mama, na ilishuka tu akija mgeni. Yustina akalishusha. Siku ile kijiko, kesho yake asubuhi kabla ya kanisa vijiko vingine. Mimi nilishika chupa, na moyo wangu ulidunda kuliko wa kile kitoto.

Jumapili hiyo baba alirudi kanisani na katekista. Akaita kwa furaha, "Mama Danieli, mgeni huyu. Chai, na isiwe chungu." Mama akalishusha kopo, akalifungua, akaganda. Baba akaona. Akalichukua, akachungulia.

"Sukari imekwenda wapi?"

Kosa lote lilikuwa langu, kuanzia rede, na nilijua. Ulimi wangu ulikataa kunyanyuka. Ndipo Yustina alipotoka jikoni, akapiga goti mbele ya wazee wote wawili.

"Baba, sukari nimeichukua mimi. Nimempa kitoto cha mbuzi. Alikuwa anaharisha."

Katekista alitazama kikombe chake. Baba alimtazama mkwe wake kama mtu anayeisikia sauti ya mtu huyo kwa mara ya kwanza, na karibu ndivyo ilivyokuwa.

"Yule mbuzi bado yuko hai?"

"Yuko hai, baba."

"Imebaki kiasi gani humu?"

"Kijiko kimoja."

Baba akafunika kopo, akamkabidhi Yustina kwa mikono miwili. "Basi mmalizie na hicho. Sisi tutakunywa hivi hivi."

Wakanywa. Katekista, mtu mwenye adabu zake, alisema chai isiyo na sukari ni nzuri kwa meno. Baada ya kumsindikiza, baba aliingia jikoni, mahali ambapo mwanamume wa rika lake hakuingia ovyo, akachuchumaa karibu na mafiga. Alikaa hapo akimtazama Yustina anavyofanya. Siku ya tatu kitoto kilipoacha kuharisha na kuanza kutafuna kamba ya kidumu, baba ndiye aliyetangulia kucheka.

Yustina hakunitaja kamwe. Nilimwambia baba mwenyewe, baada ya wiki nzima ya kukosa raha. Alisikiliza, akaniambia, "Umefanya vizuri kusema. Sasa jifunze kwa wifi yako. Mimi nilimkatia tamaa yule mbuzi asubuhi ya kwanza." Kumsikia baba akikiri hivyo kulinishtua kuliko fimbo.

Mbuzi yule alikua. Hakuwa mkubwa, lakini alizaa vizuri na hakumkataa mtoto hata mmoja. Kipaimara cha mdogo wangu kilipofika, wageni wamejaa uani, baba alisimama akasema yule mbuzi na uzao wake wote ni mali ya mkwe wake, na asitokee mtu wa kumuuliza atawafanyia nini. Zamani zile, mke wa mtoto kuwa na mifugo yake halikuwa jambo dogo. Shangazi zangu walipiga vigelegele, safari hii vya kweli. Nilipochaguliwa kwenda sekondari, Yustina aliuza wawili nikapata sanduku na godoro la bweni. Nilipomshukuru alisema, "Nenda wifi, usichelewe gari."

Leo yeye ni bibi mwenye wajukuu. Mtu yeyote kijijini akipata mbuzi aliyekwama kuzaa au kitoto kilicholegea, huanza kwake. Daktari wa mifugo naye anakuja kwa pikipiki na sindano zake, na kwa kweli vitoto havifi kama zamani. Sitaki kudanganya kwamba ya kale yote yalikuwa dhahabu. Baridi ilikuwa baridi, na viboko vilikuwa viboko.

Lakini hivi karibuni, alasiri moja nikiwa sebuleni, simu yangu ililia. Ujumbe: "Mama naumwa kichwa." Ulitoka kwa binti yangu, aliye chumba cha pili, hatua sita kutoka nilipokaa. Nikachukua dawa na glasi ya maji, nikamfuata. Akameza, akanishukuru vizuri, akarudi kwenye simu yake. Mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda, kama wifi alivyokaa karibu na mafiga.

Baada ya muda akainua macho. "Mama, nimeshameza. Unaweza kwenda."

"Najua," nikamwambia. "Nakaa kidogo."

Akanishangaa. Kisha akasogeza miguu, akanipa nafasi.