Saa Aliyochora Shosho

Bado nasikia mkwaruzo wa ile penseli. Shosho, nyanya yangu mzaa mama, alikandamiza karatasi utadhani anakwangua sufuria ya ugali ulioungua.

Tulikuwa kliniki moja Thika. Watafiti walitafuta wazee wa kujaribu nao dawa mpya ya kusahau.

“Dawa ya kusahau ya nini,” shosho aliuliza, “na kusahau najua tayari?”

Nilicheka sana. Huko kwetu Ruiru majirani walisema amerogwa, kanisani wakasema ni uzee tu. Mimi niliachia shule kidato cha pili, lakini kwa kuota siwezekani, na nilishaota dawa hiyo ikimrudisha alivyokuwa. Dada mtafiti alinieleza kwamba zamani ugonjwa huu ulithibitishwa mtu akishakufa, ubongo ukipasuliwa. Dawa zilizofuata zilisaidia kidogo, hazikuuzuia. Siku hizi wanausaka ndani ya damu, mapema, ili waucheleweshe. Ndiyo maana walichukua walio mwanzoni pekee. Aliyezama angerudishwa nyumbani.

Dada akamwambia shosho achore saa kumi na moja na dakika kumi. Shosho akaweka mshale mfupi kwenye tano. Dada akatikisa kichwa kwa huruma.

“Lakini dada, hiyo ni kumi na moja yetu, ya jioni,” nikamwambia. “Wewe umesoma ya Kizungu.”

Akajishika paji la uso, akampa alama zake. Moyo wangu ukaruka.

Kisha akaninyooshea kidole mimi. “Na huyu ni nani, shosho?”

“Ni mimi,” shosho akajibu.

Nikaharakisha kueleza kwamba kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama ya mama yake, kwa hivyo mimi ndiye yeye. Dada alikubali, hata akatabasamu. Nilikuwa nimeushika mkono wa shosho. Shosho akauangalia, ile mishipa, zile kucha, kisha akanisogelea sikioni. Sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana, changa kama yangu.

“Huyu mzee unayemshika mkono, ni wa nani?”

Dada alisikia. Akaniambia polepole kwamba dawa hii haitamfaa, labda itakayokuja baadaye.

Jioni hiyo shosho aliposinzia kitini, nilienda nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji. Nikaita jina letu kwa sauti ya chini. Nikaitika kwa upande wangu. Nikangoja kidogo, kisha nikaitika na kwa upande wake.