Binti wa Pili wa Baba

Miaka ya wakimbizi nilikuwa chuo cha wasichana, Kigoma, nikijifunza kushona. Kitanda kimoja nililala na binti aliyekimbia Burundi. Kirundi chake na Kiha chetu vinasikilizana, basi tukamwandikisha kama ndugu yangu wa baba mmoja, wa kijijini kwetu Simbo, asirudishwe kambini. Siku moja mkuu wa chuo akaita wazazi waje wathibitishe watoto wao.

Kwetu binti hamwendei baba na jambo zito, humtuma shangazi. Nikamtuma shangazi aliyekaa Kasingirima akamwombe baba amkubali yule binti kuwa wake, naye akaenda msibani, hakufika kwa baba. Asubuhi ile nilimpokea baba langoni, nikatembea naye hadi ofisini, mdomo nimeufunga. Eti heshima! Ujinga mtupu.

Rafiki yangu akapiga magoti. “Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

Mkuu akauliza, “Na huyu pia wako, mzee?”

Baba akacheka. “Mama, mimi nimeleta mmoja tu. Huyu ana adabu, ila simjui.”

Lori la kambini lilimchukua mchana uleule. Alikunja sare yake, akaiacha kitandani, hakunitazama.

Leo wajukuu zangu wote wamesoma, naringa nao mtaa mzima. Yeye sijui hata kama aliishi. Kutoka langoni hadi ofisini ningeweza kumwambia baba yote, nikanyamaza.