Sura ya Bi Tusekile

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali, mwanangu, nilipokuwa mwalimu mgeni katika shule ya bweni hapa Iringa. Mkuu wetu, Mwalimu Sanga, alilea watoto wa watu na kuandika maisha ya wazee wa nyanda hizi. Akitoka mchakamchaka na wanafunzi, hunawa uso, akaandika hadi kengele ya uji.

Asubuhi hiyo walikuja wana wa mzee mmoja wa Kalenga, mfanyabiashara wa mbao, ambaye maisha yake mkuu alikuwa anayaandika.

"Mwalimu, yule mke wa kwanza aliyeachwa Mbeya, mtoe kitabuni. Atatuaibisha."

Walipoondoka nikasema, "Mkuu, si umtoe tu? Wenye baba ndio wao."

Akacheka kidogo. "Ukivunja mahindi makubwa tu, mengine ukayaacha shambani, utasema umevuna?"

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mkuu wangu.

Jumamosi tukapanda basi hadi Ilomba, Mbeya. Bi Tusekile, yule mke wa kwanza, alitupokea kwa ndizi na maziwa ya mgando, wala hakulaumu mtu.

"Andikeni tu kwamba tulianza wote. Baba yangu aliuza ng'ombe wa mahari yangu, ndipo mume wangu akapata msumeno wa kwanza."

Mkuu akaiandika sura ya mama huyo, akaenda kumsomea mzee, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Wanawe walisimama mlangoni wamenuna. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akafuta macho.

"Nileteeni huyo mama, nimshukuru ningali nasikia."

Mwanawe mkubwa ndiye aliyemfuata. Bi Tusekile alipoingia, mzee akajaribu kuinuka.

"Lala tu, baba. Nimekuja kukujulia hali."

Wakashinda wakizungumza Kinyakyusa, mzee akikikoseakosea, wakicheka mambo ambayo sisi wengine hatukuyaelewa. Kitabu kilipotoka, wana wale wale walikigawa kwa majirani, na Bi Tusekile akapewa nakala ya kwanza.

Leo nami ni mkuu wa shule, naandika maisha ya watu, na moyo wangu umetulia. Basi nakuasa, mwanangu: ukisimulia ya mtu, hata ya baba yako mzazi, usimfiche aliyembebea mzigo wakati hana kitu. Nawe ukifanikiwa, mtafute aliyekubebea wewe, umshukuru angali hai. Mungu akujalie jina jema, na watu wa kulitaja kwa furaha.