Vidonge vya Mama Vilivyopungua

Mimi nimeumbwa na shaka. Hata maziwa ya jirani ninayemjua tangu utotoni huyanusa kwanza. Kwa hiyo utando mweupe uliporudi kinywani mwa mama mara ya tatu, sikuulaumu ugonjwa. Nilitafuta mtu.

Mama alikuwa na saratani ya titi, na kila akitoka kuwekwa dripu ya dawa ya saratani, fangasi ilimwota kinywani. Ulimi ulikuwa mweupe kama umepakwa maziwa ya mgando, na hata maji yalimchoma. Daktari alituambia wazi: kinywa kisipopona, dripu inayofuata haitawekwa, na uvimbe hautatungoja. Kila mara tulipewa vidonge vya wiki mbili, kimoja kwa siku. Alipata nafuu siku nne, tano, kisha yakawa yale yale.

Kwanza nilimshuku mwenye duka la dawa pale Garsen. Nilimwendea na pakiti mkononi, nikamwuliza kama anatuuzia chaki. Akanisomea maandishi ya pakiti polepole, kama anayemfundisha mtoto. Nikatoka bila kuaga.

Kisha nikaanza kuhesabu. Baada ya siku sita vilipaswa kubaki vidonge vinane. Vilibaki vitatu. Nikasema, ah, kikulacho ki nguoni mwako. Kaka yangu alikuwa malishoni na ng'ombe, na nyumbani tulikuwa mama, mimi na wifi yangu, mke wa kaka. Wifi alipokwenda mtoni kuchota maji nilifungua sanduku lake. Nilikuta nguo, udi na picha ya mtoto wake aliyefariki. Nililifunga haraka, lakini shaka haikuniisha. Nilijiambia amevificha kwingine.

Kesho yake akaja jirani, mama mtu mzima, kumjulia mama hali. Alipoinama kuaga, mama alimtia kitu kiganjani. Nilimdaka mkono mlangoni. Kidonge.

"Nawashwa na fangasi, mwanangu," jirani alisema kwa aibu. "Hata vile vya kwanza alinipa yeye."

Mama hakuona kosa lolote. Kwetu wafugaji, mtu hanywi maziwa peke yake huku kibuyu cha jirani ni kitupu. "Majirani nao wanaumwa," alisema, sauti imemkauka. "Mimi nikishapata afadhali, vingine vya nini?"

Hospitalini walipangusa ulimi wake wakapima. Fangasi ile ilikuwa haifi tena kwa vidonge vile. Daktari alisema huenda ni zile dozi zilizokatwa njiani ndizo zilizoizoesha dawa. Sasa mama alazwe apewe dawa nyingine kupitia mshipani, na ile ya saratani isimame kwanza. Nilikasirika hadi nikashindwa kulia. Niliukasirikia ukarimu wa mama, na nikaona haya kuukasirikia.

Wifi alikuja wodini na uji mwembamba uliopozwa. Nikamweleza yote, hata habari ya sanduku. Alikoroga uji bila kunitazama.

"Kumbe siku zote hizo ulikuwa unanichunga mimi," alisema. "Na mama ulimwachia nani?"

Hakuna hata siku moja niliyokaa nikamwona mama akimeza. Nilimwinua kichwa, wifi akamlisha, na kila kijiko kilichopita kilimtoa machozi.